Ulemavu uliotokana na uaskari: namna ya kudai bima na mafao ukiwa Unguja au Pemba

Askari mstaafu aliyeumia kazini haombi sadaka. Anadai kitu kilichokatwa kwenye mshahara wake mwezi hadi mwezi, au kilichoandikwa kwenye mkataba wenye saini yake. Nalisema hili mwanzo kwa sababu wazee wetu wengi huingia maofisini kwa unyonge, hukaa kwenye benchi wakisubiri huruma ya karani, wakaambiwa "njoo wiki ijayo" mpaka muda wa kudai ukapita. Yanayofuata ni kwa ajili yao: wastaafu wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) wanaoishi visiwani na wale wa vikosi vya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ). Ni kwa ajili pia ya mke, mume au mtoto anayewahudumia, maana mara nyingi huyo ndiye anayepanda daladala na faili mkononi.

Jua kwanza unamdai nani

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa kuwa Zanzibar kuna serikali mbili, ya Muungano na ya Mapinduzi, na kila moja ina askari wake na fedha zake.

Jeshi la Wananchi ni la Muungano. Mstaafu wake, hata awe mzaliwa wa Konde, mafao yake yanaendeshwa na kanuni za pensheni na kiinua mgongo za Jeshi, zilizo chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taifa. ZSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, hawana faili lako, usipoteze nauli. Mkaazi wa Unguja aanzie Brigedi ya Nyuki, Migombani. Mkaazi wa Pemba aanzie Kambi ya Ali Khamis, Vitongoji. Walipaji si wao, lakini wanajua barua yako ipitie wapi, na wanaweza kuuliza kikosi chako cha zamani kwa njia ambazo raia hana. Wenzenu wa MUWAWATA, muungano wa wanajeshi wastaafu, nao waulizeni. Wengi wao wameshaipita njia hii.

KMKM (kikosi cha kuzuia magendo), JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), Valantia, Zimamoto na Uokozi, na Chuo cha Mafunzo (magereza) ni Idara Maalum za SMZ. Mwajiri ni Serikali ya Mapinduzi, na mfuko wao ni ZSSF, ulioanza mwaka 1998, wenye makao Kilimani na ofisi Chake Chake kwa watu wa Pemba. Pensheni ya ulemavu ni miongoni mwa mafao ya mfuko huu. Imewekwa kwa ajili ya mwanachama anayelazimika kuacha kazi kwa sababu ya afya kabla ya umri wa kustaafu, kwa hiyo aliyekwishaanza kupokea pensheni ya uzee asitarajie ya pili juu yake. Aliyeajiriwa kabla ya 1998 ana miaka ambayo mfuko haukuwepo. Miaka hiyo ina kumbukumbu zake serikalini, basi omba taarifa za pande zote mbili.

Utasikia watu wakikwambia "nenda WCF". Huo ni mfuko wa fidia kwa wafanyakazi wa Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria yake ya Fidia kwa Wafanyakazi, Namba 15 ya 1986, iliyorekebishwa mwaka 2005, na vikosi vina sheria zake vyenyewe. Kama inakugusa au haikugusi, muulize mwanasheria kabla hujajaza fomu yoyote.

Waliokwenda misheni za kulinda amani wana mlango mwingine. Wanajeshi wa Tanzania wamehudumu Darfur, Lebanon, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo, na wengi tunalikumbuka shambulio la Semuliki, Kongo, la tarehe 7 Desemba 2017, lililochukua roho za wanajeshi wetu wasiopungua 14 na kujeruhi wengi zaidi. Umoja wa Mataifa una utaratibu wa fidia ya kifo na ulemavu kwa askari wa namna hii. Ulemavu hupimwa kwa asilimia ya kiwango cha juu kilichowekwa, na fedha hupitia kwa serikali iliyotuma askari. Kwa hiyo usiandike New York. Andika Jeshini, uulize mambo matatu: dai langu lilipelekwa lini, liliombewa asilimia ngapi, na lilijibiwa nini.

Bima ambayo hukumbuki kuwa unayo

Mlango huu umesahauliwa kuliko yote. Mstaafu au askari aliyekopa benki kwa dhamana ya mshahara au pensheni, aghalabu alikatwa fedha ya bima siku ya kwanza ya mkopo. Watu wengi wanadhani bima hiyo hufanya kazi mtu akifa tu. Mikataba mingi ya aina hii inagusa pia ulemavu wa kudumu: mkopaji akipooza au akipoteza macho, kampuni ya bima ndiyo inayomaliza deni. Kumbe kuna mtu kitandani, nusu ya mwili haifanyi kazi, na kila mwezi pensheni yake inakatwa kulipa mkopo ambao huenda ulipaswa kufutwa.

Fanya hivi. Nenda tawi ulilokopa, na uombe kwa maandishi nakala ya mkataba wa mkopo na nakala ya hati ya bima iliyoambatana nao. Ukiambiwa hati iko makao makuu, waombe waiagize, na uache barua yako ikiwa imegongwa mhuri wa kupokelewa. Angalia taarifa ya akaunti ya mwezi ule wa mkopo: mstari wa makato ya bima ukiwepo, bima ipo.

Bima ya kundi nayo ikumbuke. Kikosi, saccos au chama cha wafanyakazi huweza kuwa kiliwakatia wanachama wake wote bima kwa pamoja bila mwanachama kupewa karatasi yoyote. Kinachoangaliwa ni tarehe ya kuumia: kama bima ilikuwa hai siku hiyo, kustaafu kwako baadaye hakuifuti haki iliyokwishazaliwa. Tafuta stakabadhi za mshahara za wakati ule, uone makato.

Soma ulemavu unaozungumzwa ni upi

Askari anaweza kuwa mlemavu machoni mwa familia yake, machoni mwa daktari na machoni mwa sheha, na bado asiwe mlemavu kwa maana ya mkataba. Tafuta ukurasa wenye maana ya maneno. Mikataba mingine inasema ulemavu ni kushindwa kufanya kazi uliyokuwa ukiifanya. Mingine inasema kushindwa kufanya kazi yoyote ya kipato. Tofauti yake ni kubwa: baharia wa KMKM ambaye bega halinyanyuki hawezi tena kazi ya boti, lakini mkataba wa aina ya pili utasema anaweza kukaa dukani. Mingine haiulizi habari ya kazi hata kidogo. Ina jedwali la viungo na asilimia zake: macho yote mawili ni asilimia 100, kidole kina kiwango chake.

Angalia pia muda wa kungoja. Mikataba mingi hutaka ulemavu uwe umedumu miezi 6 au 12 mfululizo kabla ya kuitwa wa kudumu. Angalia siku za kutoa taarifa. Na angalia yasiyolipwa. Kwa askari, neno la kulitafuta kuliko yote ni vita. Kampuni nyingi huandika kwamba jeraha la vita halilipwi. Ila kuanguka kwenye gari la kikosi barabara ya Mkoani, kuungua jikoni kambini au kuumia mazoezini si vita, na usikubali kuambiwa kuwa kila jeraha la mtu aliyevaa gwanda ni la vita.

Karatasi inayounganisha mwili na kazi

Madai ya ulemavu yakikataliwa, mara nyingi sababu si kwamba mtu hana ulemavu. Karatasi ndiyo inayokosekana: hakuna iliyoandika kwamba ulemavu huu ulitokana na tukio lile, siku ile. Kusanya, kwa umuhimu huu:

– ripoti ya tukio kutoka kikosini, au nakala ya ukurasa wa daftari la zamu wa siku hiyo; kama ilikuwa ajali ya barabarani au kushambuliwa, na fomu ya polisi ya matibabu, PF3;
– kadi na faili la matibabu la siku ya kwanza, liwe la hospitali ya jeshi, Mnazi Mmoja, Chake Chake, Wete au Abdalla Mzee ya Mkoani;
– matokeo ya bodi ya madaktari kama uliwahi kupelekwa, na cheti cha afya cha siku ya kuacha utumishi;
– cheti cha kumaliza utumishi chenye namba yako ya jeshi, barua ya kustaafu, kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi au cha Taifa, na taarifa ya akaunti ya benki.

Majina yasomeke namna moja kwenye zote. Askari aliyeandikishwa kwa majina mawili na leo ana kitambulisho chenye matatu atasimamishwa njiani. Dawa yake ni hati ya kiapo mbele ya wakili, uitengeneze mapema kabla hujaulizwa.

Kama ripoti ya kikosi haipatikani, usikate tamaa. Watafute wenzako wawili waliokuwepo. Kila mmoja aandike kwa mkono wake alichokiona: mahali, saa, nani aliyekubeba, ulipelekwa wapi. Kisha waapie maelezo hayo. Maelezo ya koplo mstaafu aliyeona lori likipinduka yana uzito kuliko barua kumi za watu wa mtaani wanaosema wewe ni mtu mwema. Barua ya sheha inahitajika kuthibitisha unapoishi na hali yako ya sasa. Haiwezi kuthibitisha lililotokea kambini miaka ile, kwa hiyo usiitegemee kwa kazi hiyo.

Toa kopi za kila kitu. Asili ibaki nyumbani, mahali pakavu, ndani ya bahasha ya plastiki. Unyevu wa hapa kwetu unakula karatasi, na kadi za hospitali za zamani hufifia wino mpaka hazisomeki. Zipige picha kwa simu, umtumie na mtoto wako azihifadhi.

Daktari aandike nini

Nakaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo dai linapopata nguvu au linapokufa.

Ripoti inayokufa huandikwa hivi: "Mgonjwa ana maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Apumzike." Hakuna uongo ndani yake, lakini haijibu swali hata moja la bima.

Ripoti yenye nguvu husema namna hii: "Nimempima leo. Pingili mbili za chini za uti wa mgongo zimesagika, kama picha ya eksirei iliyoambatanishwa inavyoonesha. Hawezi kusimama zaidi ya dakika 10 wala kuinua ndoo ya maji. Hali hii inalingana na kuanguka kulikoelezwa katika ripoti ya kikosi niliyoisoma. Amepata matibabu na mazoezi ya viungo bila nafuu, na sitarajii apone. Kwa maoni yangu ulemavu ni wa kudumu, ulianza tarehe ya ajali, na hawezi kazi ya uaskari wala kazi nyingine ya nguvu."

Humwambii daktari uongo, na wala humfundishi kazi yake. Unampelekea mambo matatu mezani: ukurasa wa mkataba wenye maana ya ulemavu, ripoti ya tukio, na vipimo vya zamani. Mwambie, "Daktari, wanaouliza wanataka kujua haya." Daktari mwenye wagonjwa sitini nje ya mlango hawezi kubahatisha bima inataka nini. Ripoti iwe na jina lake, namba ya usajili, mhuri na tarehe. Daktari bingwa wa kiungo husika ana uzito zaidi: wa mifupa kwa mgongo, wa macho kwa macho.

Masikio yanasahauliwa sana. Askari wa mizinga anaamini kuwa kusikia kwa shida ni uzee. Omba kipimo cha usikivu, kisha kilinganishwe na cheti chako cha afya cha siku ya kuandikishwa. Tofauti ya hizo mbili ndiyo ushahidi.

Na kuna jeraha la akili. Mtu karudi misheni, usiku anaamka akipiga kelele, hataki kukaa na watu, anawapiga wanawe aliokuwa akiwapenda. Familia inaficha kwa kuogopa maneno ya mtaa, au inazunguka kwa waganga miaka mitatu. Mpelekeni hospitali, na kwa Unguja ipo Kidongo Chekundu yenye madaktari wa maradhi hayo. Kwanza apate tiba, hilo ni muhimu kuliko fedha. Pia kila siku anayotibiwa inaandikwa, na bila maandishi hayo hakuna bima itakayokubali kwamba maradhi yapo.

Barua ya dai

Fomu ya kampuni au ya mfuko ijaze, lakini usiiache peke yake. Fomu ina visanduku vidogo, na maisha yako hayaingii humo. Ambatanisha barua ya ukurasa mmoja, kwa mfano huu:

"Mimi, mwenye namba ya utumishi iliyotajwa hapo juu, niliumia tarehe fulani nikiwa kazini, mahali fulani, kama ripoti ya kikosi (kiambatanisho A) inavyoeleza. Kwa mujibu wa ripoti ya daktari (kiambatanisho B), ulemavu wangu ni wa kudumu. Nadai malipo ya ulemavu wa kudumu chini ya kifungu fulani cha hati ya bima namba fulani, ambayo ilikuwa hai siku niliyoumia. Naomba nijibiwe kwa maandishi, na kama kuna kinachopungua naomba nitajiwe kwa jina."

Sentensi ya mwisho usiiondoe. Inamzuia mtu kukwambia leo lete hiki, kesho lete kile. Peleka nakala mbili; moja igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Ukipeleka kwa barua pepe, hifadhi jibu. Kila unapopiga simu au kufika ofisini, andika kwenye daftari tarehe, jina la uliyeongea naye na alilosema. Ukiwa umechelewa kutoa taarifa, eleza sababu humo humo kwenye barua pamoja na uthibitisho: ulilazwa, ulipooza, hukuwahi kupewa hati ya bima. Ukinyamaza, watadhani ulizembea.

Wakikataa, au wakileta kidogo

Jibu la mdomo si jibu. Omba sababu kwa maandishi na kifungu walichokitumia, ndipo ujibu sababu hiyo hiyo, bila kuongeza hadithi nyingine. Wakisema ugonjwa ulikuwepo kabla, cheti cha afya cha kuandikishwa jeshini ndicho kinachojibu: jeshi lilikupima likakuchukua mzima. Wakisema hukusema kweli kwenye fomu ya kuombea bima, itake fomu yenyewe uione mwandiko ni wa nani, kwani fomu nyingi hujazwa na wakala na mteja akaoneshwa pa kutia saini tu. Wakimtumia daktari wao akapunguza asilimia, omba ripoti yake, umpelekee daktari wako aijibu hoja kwa hoja.

Kampuni ikiendelea kukataa, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, inayosimamia bima pande zote za Muungano chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009 na yenye ofisi Zanzibar. Sheria hiyo pia imemweka Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye mlalamikaji hamlipi. Kote huko utaulizwa kama ulianza kulalamika kwa kampuni yenyewe, na hapo ule mhuri wa kupokelewa ndio utakaokusemea. Kwa ZSSF, andika kwa Mkurugenzi Mwendeshaji, uombe uamuzi upitiwe upya. Kwa ofisi ya serikali inayokaa na faili bila kujibu, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko ya wananchi na ina ofisi Zanzibar.

Mahakama ni ya mwisho, ila usiiogope. Kuishitaki Serikali ya Muungano kunatanguliwa na notisi ya siku 90, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu. Kesi iliyofunguliwa bila notisi hutupwa hata ikiwa ya haki tupu. Zanzibar ina sheria yake ya ukomo wa muda wa kufungua mashauri, si ile ya Bara, basi usichukue hesabu uliyosikia kwa mtu wa Dar es Salaam. Onana na mwanasheria mara tu barua ya kukataliwa inapokufikia. Asiye na fedha ana haki chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria Namba 13 ya 2018. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichopo tangu 1992, kina ofisi Unguja na Chake Chake, na wasaidizi wa sheria wamo majimboni. Wao hawawezi kusimama mahakamani kama mawakili, lakini kupanga faili na kuandika barua wanaweza sana.

Jihadhari na mtu atakayekwambia "nipe kadi yako ya benki na namba ya siri, nitalifuatilia, tutagawana". Wanawajua wastaafu wote wa shehia. Usimpe kadi, usitie saini karatasi tupu, na hati zako za asili zisilale nyumbani kwake.

Siku ya malipo kampuni itakupa hati ya kukubali. Isome, au usomewe na mtu unayemwamini, kabla ya saini. Ikisema malipo ni "kamili na ya mwisho", ukisaini umefunga mlango. Kama wanalipa sehemu usiyokuwa na ugomvi nayo, omba iandikwe kuwa ni malipo ya sehemu na kwamba kilichobaki kinaendelea kudaiwa. Wana haki ya kukataa, na wewe una haki ya kutosaini siku hiyo.

Mwenye dai akifariki kabla hajalipwa, familia isifunge faili. Pateni cheti cha kifo kutoka Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na hati ya kutambua warithi au msimamizi wa mirathi. Kisha andikeni kwa ofisi ileile, mkitaja namba ya kumbukumbu na tarehe ya barua ya marehemu, mkiomba dai liendelee kutoka pale lilipofika. Kama alikuwa na mkopo, ulizeni benki siku hiyo hiyo kuhusu bima yake, na mwombe makato yasimame mpaka kampuni ya bima ijibu.